Maziwa Yangu Yamekosa Nini? Barua ya Mama wa Chupa Tatu

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza ana miaka mitatu na kilo 14. Alizaliwa wakati wake akiwa na kilo 3.4, akanyonya, akakua, na hakuwahi kupewa vitamini hata tone moja. Huyu wa pili ndiye anayenikosesha usingizi. Alizaliwa wiki ya 36 akiwa na kilo 2.2, ila alilia vizuri, akanyonya siku hiyohiyo, na hatukukaa sana wodini. Sasa anakaribia miezi minne, ana kilo 5.2, na hajaonja kitu chochote isipokuwa maziwa yangu. Nilijivunia hilo mpaka tulipokwenda kliniki mara ya mwisho.

Daktari alimpima, akafurahi, kisha akaandika dawa za matone aina mbili: vitamini D na madini ya chuma. Ya chuma aliandika mililita 0.7 mara moja kwa siku. Nilitoka mle kimya. Siku zote naambiwa maziwa ya mama yanamtosha mtoto hadi miezi sita, hata maji asipewe. Sasa chupa mbili za nini? Mama mkwe alipoziona hakuficha: "Basi maziwa yako ni mepesi." Dada yangu naye akasema mtoto anayenyonya hapewi chochote, hizo ni biashara za watu. Shoga yangu ndiye aliyeleta chupa ya tatu, vitamini mchanganyiko aliyokuwa akimpa mwanawe, akaniambia nitumie zote ili mtoto apate nguvu.

Nilianza na ya chuma. Bomba la kupimia lilivunjika mapema, nikawa natumia kijiko cha chai, nusu hivi, kwa kukadiria. Kaka yake hulia mpaka aachiwe alambe kijiko kwa sababu dawa ina utamu. Baada ya siku chache choo cha mtoto kikawa cheusi kinachoelekea kijani, naye akawa anajikamua sana. Nikaogopa, nikaacha kila kitu. Zimepita wiki mbili. Choo kimerudi kuwa cha njano, ananyonya vizuri, anacheka na kila mtu. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa: kama ni mzima hivi, dawa ya nini?

Chupa ya chuma imeandikwa kila mililita 1 ina feras salfeti miligramu 75, sawa na chuma miligramu 15. Ya shoga yangu imeandikwa kila mililita ina chuma miligramu 10 na vitamini D yuniti 400, pamoja na vitamini nyingine.

Naomba unijibu bila kunionea huruma. Je, maziwa yangu yana kasoro? Nina vidonge vya chuma nilivyobakiza wakati wa ujauzito. Nikivimeza mimi, chuma si kitampitia mtoto kwenye maziwa? Vitamini D, si nimwoteshe jua la asubuhi tu? Hiyo chupa ya mchanganyiko niifanyeje? Na mume wangu anauliza, mbona mkubwa hakupewa na hana tatizo lolote?

Mama wa Chupa Tatu

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nitaanza na kijiko, ingawa hukukiuliza, kwa kuwa ndicho kilichonishtua katika barua yako kuliko choo cheusi.

Tupige hesabu pamoja. Daktari aliandika mililita 0.7. Kwa chupa uliyonayo hiyo ni miligramu 10.5 za chuma, na kwa mtoto wa kilo 5.2 inakuja kama miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake. Hakubahatisha: ndicho kiasi ambacho madaktari wa watoto hutumia kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na anayenyonya. Nusu kijiko cha chai ni mililita 2.5, yaani miligramu 37.5, au zaidi ya 7 kwa kila kilo. Ulimpa zaidi ya mara tatu na nusu ya alichoandikiwa, na hapo nimekubali kwamba kijiko chako ni cha mililita 5 kamili. Vijiko vya nyumbani havilingani. Kimoja hubeba mililita 3, kingine 6, na hakuna anayejua mpaka apime.

Je, umemdhuru? Kwa ulivyoeleza, sioni dalili hiyo. Kiwango cha chuma kinachoanza kuleta sumu kwa mtoto ni kama miligramu 20 kwa kila kilo kwa mkupuo mmoja, na hukufika huko. Uliacha baada ya siku chache, na wiki mbili baadaye ananyonya na kuchangamka. Lakini waambie kliniki ukweli wote, kiasi ulichompa na kwa siku ngapi, maana daktari atakapomwona tena atadhani alikuwa akimeza 0.7. Bomba jipya la mililita 1 lenye mistari midogo hupatikana famasi. Lisipokuwepo, dawa isubiri siku hiyo. Siku moja bila chuma haina madhara, na siku inayofuata usimpe mara mbili ili kufidia.

Sasa huyo kaka anayelamba kijiko. Hapa sitakuwa mpole. Kwako chuma ni kirutubisho, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu aliyekwishajua kuwa kina utamu, ni sumu iliyofungwa ndani ya chupa. Chupa ya mililita 50 ikiwa imejaa ina miligramu 750. Mtoto wa kilo 14 akiinywa yote amemeza karibu miligramu 54 kwa kila kilo, na sumu kali huhesabiwa kuanzia 60. Vile vidonge vyako vya ujauzito ni hatari zaidi, kwa sababu kidonge kimoja mara nyingi hubeba miligramu 60 hivi za chuma halisi. Vitano tu vinatosha kumvusha mpaka wa sumu. Na sumu ya chuma ina hila yake: mtoto hutapika na kuharisha, kisha saa chache baadaye huonekana kama amepona, watu wakatulia nyumbani, ilhali ini linaendelea kuharibika. Akimeza, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo pamoja na chupa au pakiti, hata kama anacheza. Kuanzia leo hakuna kulamba kijiko, na dawa hizo zikae mahali asipofika hata akipanda kiti.

Nimesema yaliyonisukuma. Turudi kwenye maswali yako.

Maziwa yako hayana kasoro. Maziwa ya mama yeyote, aliyeshiba au mwenye njaa, aliyezaa mapema au kwa wakati, yana chuma kidogo: chini ya nusu miligramu katika lita nzima. Kidogo hicho hufyonzwa vizuri mno tumboni mwa mtoto, kuliko chuma cha maziwa ya kopo, lakini bado ni kidogo. Ndivyo yalivyoumbwa, kwa sababu mtoto hakutegemewa aishi kwa chuma cha maziwa miezi hiyo. Alitegemewa aje na akiba yake.

Akiba hiyo huwekwa tumboni mwa mama, sehemu kubwa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Mtoto huzaliwa na takriban miligramu 75 za chuma kwa kila kilo ya uzito wake. Mumeo alete kalamu hapa, maana hili ndilo jibu lake. Mkubwa alikuja na kilo 3.4, yaani chuma kama miligramu 255. Mdogo alikuja na kilo 2.2, kama miligramu 165. Halafu tazama alichofanya: kutoka 2.2 hadi 5.2 katika miezi isiyotimia minne! Amezidisha uzito wake zaidi ya mara mbili, na kila kilo mpya inataka damu mpya, na damu mpya inataka chuma. Mtoto mdogo anayekua kwa kasi huimaliza akiba yake mapema kuliko mtoto mkubwa. Kwa aliyezaliwa wakati wake na uzito mzuri, akiba hushika hadi miezi minne, mara nyingi hadi sita. Kwa njiti inaweza kuisha miezi miwili au mitatu tu baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo ule uzito uliomfurahisha daktari ndio huohuo uliomfanya achukue kalamu aandike dawa.

Jambo jingine hutofautisha watoto wawili wa mama mmoja: muda wa kubana kitovu. Shirika la Afya Duniani hushauri kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, kwa sababu damu inayoendelea kutoka kwenye kondo humpa mtoto chuma cha kumtosha wiki nyingi. Mtoto aliyezaliwa mapema wakati mwingine hubanwa haraka ili ahudumiwe. Sijui yenu ilikuwaje, ila unaweza kuuliza.

"Kama ni mzima hivi, dawa ya nini?" Hili ni swali zuri kuliko yote uliyouliza. Upungufu wa chuma hauanzii usoni. Kwanza akiba ya kwenye ini huisha, na mtoto anacheka. Kisha chuma cha kutengenezea damu hupungua, bado anacheka. Mwisho ndipo damu yenyewe hushuka, viganja na ndani ya kope hupauka, mtoto huchoka haraka akinyonya. Ubongo unaojengeka nao hutumia chuma, na mwili unapobana matumizi hutanguliza chembe za damu kabla ya ubongo. Ndiyo maana kwa mtoto aliye katika hatari hatungoji apauke. Ukimkuta tayari amepauka, anatoka jasho au kuhema akinyonya, au amekataa ziwa, hayo hayasubiri tarehe ya kliniki.

Sasa nimtetee dada yako kidogo, maana hakukosea kabisa. Kuhusu watoto waliozaliwa wakati wao na uzito mzuri, wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, kilisema mtoto anayenyonya tu aanzishiwe miligramu 1 kwa kilo kila siku akifika miezi minne, mpaka atakapoanza kula vyakula vyenye chuma. Wenzao wa Ulaya hawakuona sababu ya kumpa kila mtoto mzima. Na si ubahili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliofanyika Sweden na Honduras, uligundua kwamba watoto ambao tayari walikuwa na chuma cha kutosha, walipoongezewa, hawakurefuka sana kama wenzao wasioongezewa. Chuma si kama vitamini C ambayo ikizidi hutoka na mkojo. Mwili hauna mlango wa kukitolea. Mimi niko upande wa wanaomtazama mtoto mmoja mmoja: amezaliwa wiki ya ngapi, na kilo ngapi, mama alikuwa na upungufu wa damu au la, ni pacha au la. Ungeniandikia kuhusu yule mkubwa akiwa na miezi minne, ningekwambia msubiri vyakula na mfuate ushauri wa kliniki yenu. Kwa huyu wa wiki 36 na kilo 2.2, mabishano hayo hayamhusu. Pande zote mbili zingempa.

Kabla ya kuanza tena, mwambie daktari mambo mawili kama hayajui. La kwanza ni malaria. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Pemba, ambako watoto waliopewa chuma pamoja na foliki asidi walilazwa na kufariki zaidi ya wasiopewa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema mahali penye malaria chuma kiende pamoja na kinga, vipimo na tiba ya malaria. Kwa hiyo kama mnaishi kwenye malaria, mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa, na akipata homa apimwe siku hiyo. La pili ni selimundu au ugonjwa mwingine wa damu katika ukoo, wako au wa mumeo. Mtoto mwenye ugonjwa wa namna hiyo anaweza kuwa na damu kidogo huku chuma kimejaa, na kumwongezea bila kipimo si msaada.

Vidonge vyako. Vimeze kama damu yako iko chini, na hilo ni jambo la maana, kwani wanawake wengi hutoka kujifungua wakiwa wameishiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aendelee na chuma kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua mahali ambapo upungufu wa damu kwa wajawazito ni tatizo la jamii. Lakini vitakusaidia wewe. Chuma cha maziwa hakifuati kiasi unachomeza. Titi hulinda kipimo chake. Mama anaweza kumeza vidonge mwaka mzima na maziwa yakabaki na kilekile. Vitamini nyingine haziko hivyo. B12, kwa mfano, hupungua kwenye maziwa kama mama hali kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, na mtoto wake anaweza kulegea na kurudi nyuma kimaendeleo. Mama wa namna hiyo anahitaji B12 yeye mwenyewe, na daktari wa mtoto aambiwe.

Kuhusu jua, nitakuvunja moyo kidogo. Ngozi kweli hutengeneza vitamini D ikipigwa na jua. Taabu ni kwamba jua halina bomba la kupimia. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi, nguo huzuia, kioo cha dirisha huzuia, na lile jua la asubuhi mapema tunalolipenda kwa kuwa ni pole lina kidogo sana ya ile miale inayofanya kazi hiyo. Lenye miale ya kutosha ndilo linaloweza kuunguza ngozi changa, na madaktari wengi hawataki mtoto wa chini ya miezi sita alazwe kwenye jua kali. Toka naye nje kwa raha zenu, ila usilihesabu kama dawa.

Maziwa nayo yana vitamini D kidogo. Kwa kawaida lita nzima haifikishi yuniti 100. Mtoto anahitaji kama yuniti 400 kwa siku, sawa na mikrogramu 10. Marekani hupendekeza kiasi hicho kwa kila mtoto anayenyonya tangu siku za mwanzo, na Uingereza hupendekeza mikrogramu 8.5 hadi 10. Akikosa kwa muda mrefu, mifupa hulainika na matege huja. Kwa hiyo hapa, tofauti na chuma, sijali sana alizaliwa na kilo ngapi. Upo utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 ulioonyesha kwamba mama akimeza yuniti 6,400 kila siku, maziwa yake humtosheleza mtoto bila matone, lakini hicho ni kipimo kikubwa ambacho hujiandikii mwenyewe. Kwako, ambaye tayari unampa mtoto dawa nyingine, matone ni rahisi zaidi.

Soma hiyo chupa ya vitamini D mara mbili. Zipo ambazo yuniti 400 ziko ndani ya mililita nzima, na zipo ambazo ziko ndani ya tone moja tu. Anayebadilisha chupa bila kusoma anaweza kujaza bomba zima la ile kali na kumpa mtoto dozi ya wiki kadhaa kwa mara moja. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimika kuwaonya wazazi na watengenezaji kuhusu hilo. Vitamini D ikizidi sana hupandisha kalsiamu, na mtoto hutapika, hufunga choo, na figo huumia.

Sasa utaona kwa nini chupa ya shoga yako irudi kwa shoga yako, pamoja na asante. Ina chuma na ina vitamini D. Ukimpa mililita moja juu ya zile mbili, vitamini D inafika yuniti 800, na mpaka wa juu kwa mtoto wa umri wake ni 1,000. Chuma kinaruka kutoka miligramu 10.5 hadi 20.5. Hajafa mtu, lakini umeongeza karibu mara mbili kitu ambacho daktari alikipima kwa uzito wa mtoto. Kama daktari angetaka kurahisisha, angeweza kuchagua chupa moja ya mchanganyiko badala ya mbili, na ukichoka kuhangaika na mbili unaweza kumwomba hivyo. Mtoto atumie hii au zile. Vitamini nyingine zilizomo, mtoto anayenyonya kwa mama anayekula vizuri kwa kawaida hana haja nazo. Na "nguvu" haitoki chupani. Huyo aliyeongeza kilo tatu nguvu anazo.

Usichanganye hadithi hii na sindano ya vitamini K aliyopigwa alipozaliwa ili asivuje damu, wala na vitamini A ya dozi kubwa inayotolewa kuanzia miezi sita mahali palipo na upungufu. Hizo zina ratiba yake kliniki na hazihusiani na chupa zako.

Choo cheusi kinachoelekea kijani ni chuma ambacho hakikufyonzwa. Kitarudi ukianza tena, na si dalili mbaya. Kinachotisha ni choo chenye damu nyekundu, au cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida. Kujikamua huku choo ni laini ni mazoezi ya umri huo. Mtoto anajifunza kusukuma. Kwa kipimo sahihi watoto wengi hawasumbuki tumbo kabisa, na nadhani sehemu ya yale uliyoyaona ililetwa na kile kijiko.

Namna ya kumpa: mwinue kichwa, ingiza bomba ndani ya shavu kuelekea nyuma, sukuma polepole, kisha mpe ziwa. Meno yakiota utashukuru ulimzoesha shavuni, kwa kuwa chuma huacha madoa. Yanafutika, lakini yanaudhi. Usiitie dawa kwenye chupa ya maziwa uliyokamua. Asipomaliza hujui amepata kiasi gani. Akicheua kidogo, mwache, usirudie. Na kila anapopimwa uzito uliza kama kipimo kibadilike. Akifika kilo 6.5, miligramu 2 kwa kilo zitakuwa 13, si 10.5 tena. Hesabu hiyo waachie wao.

Hii si ya maisha. Akitimiza miezi sita ataanza kula, na hapo chuma kitoke zaidi sahanini. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji kama miligramu 11 kwa siku, huku maziwa yakimpa robo ya miligramu hivi, kwa hiyo uji mtupu hautafika popote. Nyama iliyopondwa, samaki, maharage na jamii yake, nafaka zilizoongezwa chuma. Na kando yake tunda au mboga yenye vitamini C ili chuma cha mimea kifyonzwe. Maini ni mazuri, ila kwa kiasi, si kila siku, kwa sababu yamejaa vitamini A. Rangi nyekundu ya juisi haina uhusiano wowote na damu. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka, chai ikae mbali naye kabisa, na usinunue dawa yoyote ya "kuongeza damu" yenye asali, kwani asali haifai chini ya miezi 12. Watoto waliozaliwa mapema mara nyingi huendelea na matone hadi mwaka mmoja. Atakayeamua ni daktari, baada ya kuona anavyokula na pengine kupima damu.

Mama mkwe usigombane naye. Amesema alichokiona: mtoto ananyonya na bado ameandikiwa dawa. Mwonyeshe hesabu ya kilo 2.2 na 3.4, kama nilivyomfanyia mumeo. Kisha mwombe kitu kimoja ambacho kweli unakihitaji, akuangalizie huyo mkubwa unapompa mdogo dawa.

Wiki hii nenda kliniki na chupa zote tatu mkononi, hata ile unayoirudisha. Uliza: aanze tena na mililita ngapi kwa chupa hii hasa, apimwe damu lini, na tuache lini. Waandike kwenye kadi ya mtoto, kwa sababu famasi ikiishiwa aina hii utapewa nyingine yenye nguvu tofauti, na 0.7 ya hii haitakuwa 0.7 ya ile.